Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Kazi ya Mwakilishi wa Dawa



Mama mmoja alinijia baada ya mkutano akiwa na barua mkononi. Binti yake, aliyemaliza Form Four, ameahidiwa kazi ya kuuza dawa za hospitali. Atapewa gari, lakini kwanza atume shilingi 15,000 za "mafunzo". Kikundi kilikuwa tayari kumkopesha. Nilimwomba angoje kidogo, na haya ndiyo niliyomweleza.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Mwakilishi wa dawa, au "medirepu" kama wengi wanavyomwita, huajiriwa na kampuni inayotengeneza dawa au inayoziingiza nchini. Dawa ambazo lazima ziandikwe na daktari hazitangazwi redioni kama sabuni. Kwa hivyo kampuni hutuma mtu aende kwa madaktari na wenye kemisti. Anawaeleza dawa inatibu nini, inatumiwa vipi, ina madhara gani na bei yake ni ngapi. Mara nyingi atangoja mlangoni saa nzima apate dakika tano tu.

Kazi nyingi ziko mijini, kwa kliniki za watu binafsi na kemisti. Hospitali za serikali hupata dawa zao nyingi kupitia KEMSA. Nazo hospitali za makanisa hununua nyingi kutoka MEDS, iliyoanzishwa 1986 na Maaskofu Katoliki pamoja na chama cha afya cha makanisa mengine ya Kikristo.

Malipo ni mshahara, na mara nyingi kamisheni juu yake. Lakini kuna tageti. Ukishindwa kuifikisha mwezi baada ya mwezi, kazi inaweza kwisha. Gari ni la kampuni, si lako.

NJIA YA KWELI

1. Form Four peke yake haitoshi. Kampuni hutafuta mtu aliyesomea famasia, uuguzi, utabibu au sayansi kama biolojia na kemia. Diploma ya famasia katika KMTC ni miaka 3, na huhitaji wastani wa C kwenda juu, pamoja na alama nzuri za Kemia na Biolojia.

2. Kabla ya kulipa karo chuo chochote cha famasia, uliza Bodi ya Dawa na Sumu, Nairobi, kama wanakitambua. Uliza pia ni kibali gani kinachotakiwa kwa wawakilishi wa dawa. Wazazi wengine wamelipa karo miaka mitatu, kisha cheti kikakataliwa.

3. Uliza HELB kuhusu mkopo kabla ya kuuza ng'ombe.

4. Ajifunze kuendesha gari au pikipiki, na azoee kuongea mbele ya watu. Kusoma taarifa ya kikundi ni mazoezi mazuri.

5. Kampuni ya kweli humfundisha mfanyakazi wake kwa gharama yake yenyewe. Anayeomba pesa ndipo akupe kazi, mwogope.

JAMBO LA DHAMIRI

Tageti ikibana, kuna wanaojaribu kumpa daktari zawadi ili aandike dawa yao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1988 kuhusu kutangaza dawa kwa uaminifu: yasemwe ya kweli, na zawadi zisitumike kumvuta daktari. Zawadi ile hulipwa na nani? Ni mgonjwa, anayeandikiwa dawa ya bei kali wakati iko nyingine rahisi inayomponya vilevile. Mgonjwa huyo anaweza kuwa mama yako. Kijana aingie kazi hii akijua hilo, na awe tayari kusema hapana.

Yule mama alipiga simu kuuliza ofisi yao iko wapi. Simu ikakatwa, na tangu siku hiyo haishiki. Zile 15,000 bado ziko kwa sanduku la kikundi. Sasa wanajadili kama wataanza nazo karo ya diploma. Binti ana C+.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kuna mtoto wetu aliyeitishwa pesa ili apate kazi? Tulifanya nini?
2. Kikundi kikimkopesha kijana karo, atalipa lini na vipi asipopata kazi mara moja?
3. Tukiandikiwa dawa ya bei kali, je, huwa tunauliza kama kuna nyingine ya bei nafuu?