Gitaa kuukuu la mzee: Lisome kabla hujaliuza

KAMA kwenu Ukunda, Msambweni au Likoni kuna mzee aliyewahi kupiga muziki hotelini, wikendi hii mwamkie vizuri, kisha mwombe ruhusa uchungulie juu ya kabati, mvunguni mwa kitanda na nyuma ya magunia ya stoo.

Huenda ukakuta gitaa la umeme. Nyuzi zimebaki mbili, vyuma vimeshika kutu, vumbi tele. Usicheke. Usilitupe. Na tafadhali, usikimbilie kulipaka rangi.

Wewe mwenyewe unajua vya kale vina soko. Jezi ya mtumba ya Kombe la Dunia la 1998 watu wanaigombania. Santuri zilizokaa stoo miaka nenda miaka rudi leo zinapigwa picha na kuwekwa Instagram. Gitaa la umeme limo kwenye orodha hiyo, tena kwa pesa ndefu zaidi.

Swali ni moja tu: likikufikia mkononi, utajua umeshika nini? Kwa sababu kuna anayejua, na huyo akifika kwenu na elfu tatu taslimu, ataondoka nalo kabla chai haijapoa.

Thamani ni za aina mbili

Aina ya kwanza ni thamani ya kiwanda. Hapa mnunuzi anataka kujua gitaa liliundwa na nani, mwaka gani, na limebaki vilevile kwa kiasi gani.

Mfano ni Fender ya Marekani. Gitaa lake aina ya Stratocaster lilianza kuuzwa 1954. Mwezi wa Januari 1965 kampuni hiyo ikanunuliwa na shirika la CBS kwa dola milioni 13. Kwa wakusanyaji, mwaka huo ni kama mpaka. Gitaa la kabla ya CBS lina bei yake, na la baadaye lina bei nyingine, hata kama kwa macho yako ni mapacha.

Gibson nao wana miaka yao ya dhahabu. Les Paul Standard za 1958 hadi 1960, zile zenye rangi inayofifia kutoka wekundu wa pembeni hadi manjano ya katikati, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Sasa tusidanganyane. Uwezekano wa kukuta gitaa kama hilo Msambweni ni mdogo. Kitu cha kawaida zaidi ni gitaa la bei nafuu la miaka ya 1960 na 1970 kutoka Japan au Ulaya: Teisco, Guyatone, Höfner, Eko, Framus. Hayo hayatakujengea ghorofa.

Lakini usiyadharau pia. Mpiga gitaa wa Marekani, Ry Cooder, alitoa pikapu ya Teisco akaiweka kwenye Stratocaster yake. Pikapu ninayosema si ile ya kubebea mahindi, ni kile kifaa chenye sumaku na waya mwembamba kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza umeme. Watu waliposikia sauti ile, pikapu zile zenye uso wa dhahabu zilianza kusakwa. Kitu kilichoitwa takataka kikapata wateja.

Aina ya pili ni thamani ya mtu: nani alilipiga, wapi, katika wimbo gani. Na hapa ndipo habari yetu ya Pwani inapoanza.

Karatasi ilishinda mbao

Juni 20, 2019, mjini New York, kampuni ya mnada ya Christie's iliuza Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd kwa dola milioni 3.975. Kwa kiwango cha wakati huo, hizo ni kama Sh400 milioni.

Sasa sikiliza ajabu. Gitaa lile halikuwa la asili hata kidogo. Gilmour alilinunua 1970, na kwa miaka mingi likakatwa, likatobolewa, likazibwa. Shingo ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Pikapu zilibadilishwa. Plastiki nyeupe ya kifuani ikawa nyeusi. Kwa kanuni za kiwanda, lilikuwa limeharibiwa.

Kilicholiokoa ni kumbukumbu. Fundi wake, Phil Taylor, aliandika kitabu kizima kuhusu gitaa hilo moja, akieleza kila badiliko lilifanyika lini na kwa nini. Picha zipo, filamu zipo, tarehe zipo. Mnunuzi hakununua mbao na waya tu, alinunua ushahidi.

Turudi nyumbani. Wilson Peter na George Peter Kinyonga, ndugu wa Tanga, mji ulio upande wa pili wa mpaka wa Lunga Lunga, walianzisha Simba Wanyika Mombasa 1971. Mwishoni mwa muongo huo Les Wanyika, waliochomoka humo, wakatoa Sina Makosa. Besi ya Tom Malanga na rithimu ya Profesa Omar Shabani zinachezwa hadi leo kwenye harusi, matatu na simu yako.

Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa familia ya Harrison, ilikulia kwenye hoteli za Pwani. Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukazunguka dunia. Kabla yao wote alikuwepo Fundi Konde, mwana wa Pwani anayetajwa miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kupiga gitaa la umeme.

Jiulize: gitaa lililopiga solo ile unayoipenda lilikuwa la kampuni gani? Namba yake ni ipi? Liko nyumba ya nani? La Gilmour lina kitabu. La kwetu lina nini? Nyimbo hizi zinajulikana kila kona, lakini chombo kilichozitoa hakina hata risiti.

Yalifikaje mvunguni?

Diani ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na kazi ya muziki kila usiku. Hoteli kubwa zilitaka bendi: Jambo kwa mgeni anayefika, rumba wakati wa chakula, chakacha baadaye.

Kisha mambo yakabadilika. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza watalii, na hoteli kadhaa za ufuo wa kusini hazikuinuka tena. Pia kinanda kimoja chenye midundo ndani kikaanza kufanya kazi ya watu watano, kisha DJ na kompyuta yake. Bendi zikavunjika. Vyombo vikagawanywa, vikauzwa, au vikabaki pale vilipokuwa.

Kuna jambo lingine la kujua kabla hujatangaza kwamba gitaa ni lenu. Katika bendi nyingi za Afrika Mashariki, vyombo havikuwa vya mwanamuziki. Vilikuwa vya mwenye bendi au vya hoteli, na kule Tanzania mara nyingi vilikuwa vya shirika au jumuiya iliyoendesha bendi. Mzee anaweza kuwa alilinunua, alipewa, au alibaki nalo badala ya mshahara. Muulize kwa adabu, uandike jibu. Mnunuzi wa maana atauliza hilo kwanza.

Namna ya kulisoma

Anza na simu yako. Piga picha kila upande kabla hujagusa skrubu hata moja: kichwa, shingo, mgongo, mikwaruzo, stika ya hoteli iliyochakaa. Stika hiyo usiibandue. Ni ushahidi.

Tafuta namba ya kiwandani. Kwa Fender za Marekani, hadi 1976 namba ilipigwa kwenye bamba la chuma mgongoni, pale shingo inapoungana na mwili. Baadaye ikahamia kichwani, na herufi S ikifuatwa na tarakimu 7 huashiria takriban 1977. Kwa Gibson nyingi za kuanzia 1977 hadi 2005, namba ina tarakimu nane: ya kwanza na ya tano ni mwaka, na tatu zilizo katikati yake ni siku. Yaani 81234567 ni siku ya 123 ya mwaka 1984.

Usiishie hapo, maana bamba linaweza kuhamishwa na jina kubandikwa. Mpate fundi wa redio anayeaminika afungue kwa utaratibu. Kwenye vifaa vya voliumu vya Kimarekani huwa kuna namba. Ukiona 1376633, basi 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka 1966 na 33 ni wiki. Gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya kifaa kilicho ndani yake kutengenezwa. Mtu akikuambia ni la 1962, mwonyeshe namba hiyo, abishane nayo.

Muulize fundi pia kama lehemu ni ya zamani au imeguswa. Na kila kitu kibovu kinachotoka, kitie kwenye mfuko mmoja uhifadhi: skrubu, kitufe kilichopasuka, pikapu iliyokufa. Pikapu ya asili inaweza kuzungushiwa waya upya. Ukiitupa, imekwenda na thamani yake.

Kuhusu rangi, sikia: kwa gitaa la aina zinazotafutwa, wanunuzi huhesabu kwamba kulipaka upya kunakata karibu nusu ya bei. Mikwaruzo si aibu. Ile ni miaka inayoonekana.

Ukikuta na amplifaya yake ya zamani, hasa ya valvu, usiichomeke kujaribu. Nyingi za Kimarekani ni za volti 110 hadi 120, na umeme wetu ni 240. Utaunguza kila kitu. Pia usiifungue mwenyewe hata ikiwa haina waya ukutani, kwani ndani yake hubaki umeme wa kuua.

Bahari haina huruma

Upepo wa kusi ukivuma, chumvi haichagui. Inakula nyuzi, inakula skrubu, inaingia kwenye swichi hadi gitaa linakoroma badala ya kuimba. Chini ya bati, joto nalo linapinda shingo na kulegeza gundi.

Kwa hiyo usilitundike ukutani mkabala na dirisha la baharini eti ni pambo. Liweke ndani ya sanduku lake, chumba chenye kivuli, mbali na sakafu. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe, viweke humo. Ukimaliza kulishika, lifute kwa kitambaa kikavu. Mchwa wakionekana chumbani, hama nalo siku hiyohiyo.

Mrekodi mzee leo

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na haihitaji pesa. Kaa na mzee, washa simu, muulize: ulilipata wapi, mwaka gani, kwa kiasi gani? Ulipiga na bendi ipi, hoteli ipi? Nani alikuwa kwenye besi? Ni wimbo gani ulirekodiwa nalo? Nani alilitengeneza lilipoharibika?

Tafuta picha za zamani akiwa nalo jukwaani. Linganisha mikwaruzo ya pichani na ya gitaa lenyewe. Andika tarehe, aweke sahihi, uhifadhi nakala zaidi ya moja. Ketebul Music ya Nairobi imefanya kazi ya namna hii kwa wanamuziki wa benga na wengineo, hivyo si ndoto. Nawe una simu yenye kamera nzuri kuliko vifaa vya studio nyingi za zamani.

Ikifika kuuza, usitazame bei ambayo watu wanaomba mtandaoni. Yeyote anaweza kuomba milioni. Tazama bei ambazo gitaa kama hilo limeuzwa kweli. Tovuti ya Reverb huonyesha hizo. Kisha pata maoni ya watu wawili au watatu wasiotaka kulinunua.

Kama mnunuzi yuko ng'ambo, kuna sheria. Ubao wa shingo wa magitaa mengi ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 ni mti wa Brazil uliowekewa ulinzi wa juu kabisa wa kimataifa tangu 1992. Ni wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Kuuvusha mpaka kunahitaji kibali, na kwa Kenya mamlaka husika ni KWS.

Si lazima uuze, lakini. Linaweza kutengenezwa kwa uangalifu na kupigwa tena, au kukopeshwa kwa maonyesho likiwa na jina la mzee pembeni. Ila ukiuza, pesa iende kwanza kwa aliyelipiga, na karatasi ya historia yake iende pamoja na gitaa. Likitoka Diani bila jina lake, huko liendako litakuwa gitaa kuukuu tu, na mzee atakuwa kana kwamba hakuwahi kupiga hata noti moja.