Maua Yasimeze Uso

Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa pamoja na maua ya plastiki. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend aliandika habari zao katika jarida la African Arts mwaka 2000. Mteja alisimama katikati ya rangi zote hizo na bado akaonekana. Mchoraji wa rangi za mafuta akiiga mpango huo bila kufikiri, maua humeza uso.

Flashi humulika zaidi kilicho karibu nayo, pazia likabaki nyuma. Mchoraji hana flashi. Kazi hiyo huifanya kwa rangi. Mawaridi mekundu ya nyuma yafifishe kwa kuyachanganyia kijani kidogo, kingo zake uzilainishe kwa brashi kavu. Mawili au matatu tu ndiyo yachorwe wazi, tena upande ule ule mwanga unakotokea.

Ngozi nyeusi ndiyo huwashinda wengi, nami nalaumu kopo la rangi nyeusi. Changanya kahawia nyekundu na buluu iliyokoza, upate giza lenye uhai. Kisha tazama: paji la uso huchukua ubuluu wa mbinguni, na taya iliyo karibu na maua huchukua wekundu wake. Hapo ndipo uso na maua huungana. Nyeupe tupu huipausha ngozi ikawa kama imepakwa majivu.

Mafuta ya kitani hayakauki kwa kugeuka mvuke kama maji. Hunyonya oksijeni ya hewa, yakaganda polepole. Kwa hiyo tabaka la kwanza liwe jepesi, lenye tapentaini, na mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda juu. Ukigeuza mpango huo, picha itapasuka. Rangi za udongo zenye manganizi hukauka haraka. Nyeupe ya titani huchelewa.

Masika pwani yetu huleta ukungu nyuma ya turubai. Usiibane picha ukutani, acha nafasi hewa ipite. Vanishi ya mwisho isubiri miezi sita au zaidi, na rangi ikiwa nene, hata mwaka.

Mteja akitaka picha ya harusi ndani ya wiki moja, mchoree kwa akriliki, inayokauka upesi, na umwambie hivyo kabla hajalipa.