Karatasi Mbili, Njia Moja

Kampuni ya uwakala wa meli yenye makao yake Kilindini na matawi yake Dubai na London haiwezi kufanya kazi hata siku moja bila mawasiliano. Hati za shehena zikichelewa, mali hukaa bandarini na gharama huzidi kupanda. Kwa hiyo kuchagua njia ya kuziunganisha ofisi hizo si shughuli ya mafundi peke yao. Ni suala la riziki za watu, nalo lastahili kufundishwa madarasani.

Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mwanafunzi na ashike kalamu. Swali hupanda na kushuka, na jawabu vivyo hivyo. Jumla ni kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, karibu nusu sekunde imepotea. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka huo wa 2009, ina urefu wa kilomita 5,000 hivi. Ndani ya nyuzi zake za kioo mwanga huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo swali na jawabu huhitaji sehemu moja tu ya ishirini ya sekunde.

Je, setilaiti itupwe? Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwezi wa Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS. Siku chache kabla ya hapo, kebo nyingine, EASSy ikiwa mojawapo, zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Kimbilio nalo likawa limevunjika.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kununua huduma kwa wauzaji wawili. Dawa hiyo haitoshi. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Aliyekuwa na mkataba katika kila mojawapo, na zote mbili zikimpitisha kusini, alikuwa na karatasi mbili na njia moja.

Kwa maoni yangu, meneja asianze kwa kuuliza bei wala kasi. Aulize kwanza: njia hii yapita wapi? Achague moja ielekeayo Ghuba na nyingine ielekeayo kusini, na abakishe setilaiti kwa yale yasiyoweza kungoja. Barua za kawaida zaweza kupita katika intaneti ya umma, mradi zifungwe kwa maandishi ya siri. Njia ya kukodi, ambayo ni ghali, iachiwe kazi zisizovumilia kukatizwa.

Nanyi walimu, tandazeni ramani ya bahari mbele ya wanafunzi. Wengi wao wataajiriwa katika ofisi hizi, na siku moja watatakiwa kutia sahihi mkataba. Heri wajifunze mapema kusoma ramani kabla ya kusoma bei.