Redio na Somo la Anga
Wapo wanaodai redio haiwezi kufundisha sayansi ya anga kwa kuwa haina picha. Wanasahau kwamba picha yenyewe iko juu ya paa la msikilizaji. StarDate, kipindi cha McDonald Observatory ya Chuo Kikuu cha Texas, kinarushwa nchini Marekani tangu 1978 kwa dakika mbili tu: humwelekeza msikilizaji atazame upande gani, saa ngapi, na kwa nini Zuhura hung'aa kuliko nyota zote za usiku, maana mawingu yake mazito huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Kweli, dakika mbili hazitoshi kufundisha hesabu za mizunguko ya sayari. Hiyo ni kazi ya darasa. Lakini redio humfikia hata aliyemaliza shule zamani. Watangazaji wetu, tengeni dakika hizo mbili.