AKIUMIA GOTI, ADA NANI ATALIPA?

Hivi wewe na mwenzio mngefanyaje? Mdogo wenu ana miaka 16, yuko kidato cha pili kijijini, na mpira anaujua kweli kweli. Anatokea mtu kutoka mjini anasema: "Huyu nampeleka shule nzuri. Ada bure, bweni bure, viatu bure. Ila nataka jibu kabla ya Jumapili." Wengi wetu tungeshasema ndiyo hata kabla hajamaliza kuongea. Na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Naongea kwa sababu yametukuta. Mume wangu ni mtu wa Kitanga, Kasulu, kule nyanda za juu za Kigoma. Sisi tunaishi Dar, lakini mama mkwe na mdogo wa mwisho wa mume wangu, yaani shemeji yangu, wako huko huko. Dogo anacheza winga, na alionekana kwenye mashindano ya UMISSETA.

SHEMEJI APATA DILI

Yule bwana, kocha wa shule moja ya binafsi, hakwenda nyumbani na barua. Alikwenda na maneno matamu na jozi moja ya viatu. Mama mkwe akatupigia usiku, sauti inatetemeka kwa furaha. Mume wangu akajibu palepale: "Mama, mwambie ndiyo." Mimi nikauliza swali moja tu: "Akiumia goti, ada nani atalipa?"

Usiku ule, wapenzi wasomaji, kila mtu aligeukia ukuta wake.

Swali langu lilikuwa na sababu. Kasulu hiyo hiyo yupo kijana tunayemfahamu aliyechukuliwa na shule nyingine kwa staili ile ile. Alicheza mwaka mmoja, akaumia, akakaa benchi. Mwaka uliofuata nyumbani kwao ikafika bili ya ada kama ya mtoto mwingine yeyote. Mzee akauza ng'ombe. Muhula uliofuata hakuwa na ng'ombe mwingine wa kuuza, kijana akarudi nyumbani bila cheti. Na kumbuka, tangu 2016 sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita. Kwa hiyo mtoto anapoondoka pale kuna kitu anakiacha.

NDOTO SI KOSA

Sisemi kwamba kila ofa ya michezo ni utapeli, hata kidogo! Shule ya Sekondari Makongo ya hapa Dar, enzi za Kanali Idd Kipingu, ilijijengea jina kwa kuchukua vijana wenye vipaji na kuwasomesha. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akashinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya hapo akaondoka Olimpiki ya Moscow 1980 na medali ya fedha ya mita 5,000. Na nani asiyemjua Hasheem Thabeet? Mtoto wa Dar, akacheza kikapu miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili kwenye drafti ya NBA.

Lakini Marekani hiyo hiyo ndiko biashara hii ilikokomaa, na ndiko penye mafunzo. Chukua futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kwa miaka mingi timu ya chuo cha daraja la juu iliruhusiwa kufadhili wachezaji 85 tu. Kocha anawaahidi kwa mdomo vijana wengi kuliko nafasi alizo nazo, akijua baadhi watakwenda kwingine. Wasipokwenda je? Kuna atakayepigiwa simu dakika za mwisho na kuambiwa asubiri mwaka ujao, wakati vyuo vingine alishavikataa. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu.

Hata aliyeingia hakuwa salama. Kuanzia 1973 ufadhili ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja: kocha akipenda anauongeza, asipopenda basi. Mwaka 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kuahidi miaka kadhaa kwa mpigo. Na 2015 vyuo vya ligi tano kubwa vikakubaliana kwamba mwanafunzi asinyang'anywe ufadhili eti kwa kuwa kiwango chake uwanjani kimeshuka. Zaidi ya miaka 40 imepita hapo, tena kwenye nchi yenye mawakili kibao!

Sasa njoo kwetu. FIFA inakataza klabu kumsajili kutoka nchi nyingine mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu. Ila mtoto anayetolewa Kitanga kuja shule ya Dar hasajiliwi na klabu, anahama shule tu. Wa kumlinda ni ndugu zake.

AHADI NI DENI, KWA PANDE ZOTE

Mume wangu naye alikuwa na hoja, na nilimsikiliza. "Wewe umekulia mjini," aliniambia. "Kule nafasi inapita mara moja. Ukileta masharti, wanamchukua wa Kibondo." Ni kweli kabisa. Kisha akatoa wazo: tukubali kwanza, ikija shule bora zaidi tutahama. Hapo nikagoma. Kama tunataka shule itimize neno lake, na sisi letu tulitimize. Kuna mtoto mwingine angekosa nafasi kwa sababu yetu.

Ndipo tukagundua kuwa mwenye mguu wake hakuna aliyemuuliza! Tukampigia. "Kaka, nataka kwenda," alisema, "lakini nataka na cheti."

Basi tukampigia kocha na kuomba barua. Akacheka. "Dada, mambo ya mpira hayaendi hivyo. Mkuu wa shule hawezi kumwandikia barua mtoto ambaye hajamwona hata mechi moja." Mume wangu akachukua simu mkononi mwangu: "Kama yeye hawezi kuandika, mama yangu naye hawezi kukubali." Jamani, nilimpenda upya.

Jumapili ikapita. Nafasi akapewa mwingine. Shemeji hakupokea simu yangu kwa mwezi mzima, na mama mkwe akawa ananisalimia kwa kifupi sana. Sasa yuko kidato cha tatu, bado winga, na viatu na madaftari yake tunanunua sisi. Kuna wikiendi tunakaa ndani tu kwa sababu hiyo. Kukataa nako kuna gharama yake, tusidanganyane.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Ofa ikibisha hodi kwenu, kaeni chini wawili, kisha muulizeni anayeileta:

1. Ufadhili ni wa muda gani? Mwaka mmoja, au hadi mtihani wa mwisho?

2. Akiumia au kiwango kikishuka, anaendelea kusoma? Matibabu analipa nani?

3. Kinacholipwa ni nini hasa? Ada pekee, au na chakula, sare na nauli ya likizo? Kasulu hadi Dar si mchezo.

4. Mazoezi saa ngapi, darasa saa ngapi? Waliotangulia walifaulu?

5. Nani anaahidi? Kocha anaweza kuhama kesho. Shule inabaki.

Mkiwa mmekubaliana naye, semeni ndiyo moja na muisimamie. Mkiwa hamjakubaliana, semeni hapana mapema ili mtoto mwingine apate. Na yule anayesema hakuna muda wa kuandika, mwambieni kwa heshima kwamba dogo ana miaka mingi ya kuishi baada ya mpira. Barua iwe na mhuri wa shule, na nakala moja ibaki kabatini kwa mama.