PIKIPIKI, VUMBI NA MAVUNO

Wakati wa mavuno pikipiki si chombo cha fahari, ni chombo cha kazi. Karafuu mbichi zikilala rundo shambani kwa sababu pikipiki imegoma, huchachuka, na zikianikwa hupauka na kushuka daraja. Kwa hiyo tumeona yafaa tuseme juu ya utunzaji wake, na mfano wetu tumeutoa mbali kidogo: Oldonyo Sambu, katika njia itokayo Arusha kwenda Namanga.

Huko ni upande mkavu wa Mlima Meru, mlima wa volkano. Udongo wake una majivu ya mlima huo, na siku za kiangazi gari likipita vumbi husimama kama ukuta. Vumbi hilo hukwangua mfano wa msasa. Likiingia ndani ya injini hula silinda na ringi za pistoni. Oili hupanda ikaungua, moshi wa buluu ukatoka, na nguvu zikapungua. Kizuizi chake ni chujio la hewa, kitu cha bei ndogo mno kuliko injini.

Chujio la sponji hufuliwa kwa maji ya sabuni, likakamuliwa pasipo kusokotwa, likakauka kivulini, kisha likatiwa oili kidogo. La karatasi halifuliwi. Hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa. Msiendeshe bila chujio hata siku moja.

Kwetu Unguja na Pemba adui mkubwa ni matope na hewa ya chumvi, navyo hula cheni. Isugueni kwa brashi na mafuta ya taa, mwipanguse, mwitie oili. Katikati ilegee kama sentimita 2 au 3: ikikazwa mno hukatika, ikilegea mno hutoka. Na oili ya injini itazamwe kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Pikipiki ikikataa kuwaka, msipige kiki mpaka mguu ufe ganzi. Fuateni utaratibu huu:

1. Petroli. Je, imo? Koki imefunguliwa? Tundu dogo la kifuniko cha tangi likiziba, petroli haishuki.

2. Moto. Fungueni plagi, mwirudishe katika kofia ya waya wake, chuma chake kiguse injini, mbali na tundu ilikotoka, maana mvuke wa petroli hushika moto. Washeni swichi, mpige kiki. Cheche ya buluu ni njema. Isipoonekana, jaribuni plagi mpya.

3. Hewa. Plagi yenye rangi ya kahawia ni salama. Ikiwa nyeusi, yenye masizi makavu, tazameni kwanza chujio.

Hayo yakishindikana, mwiteni fundi, mkimwambia mliyokwisha kuyakagua, asianze upya kwa gharama yenu.

Kazi hii yataka spana ya plagi, kitambaa, na muda mchache kila juma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huo uzibwe sasa, kabla magunia hayajajaa.