Moshi wa mazutu una bei

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani: mara nyingi tunaongea hapa juu ya kofia, viatu na miwani ya kazi. Leo tuongee juu ya moshi.

Chukua litri moja ya mazutu. Ikiungua katika mashini, inatoa karibu kilo 2,7 za gesi ya kaboni. Utauliza: litri isiyofika kilo moja inatoaje uzito huo? Ni kwa sababu kaboni iliyo ndani ya mazutu inakamata oksijeni ya hewa, na uzito unaongezeka. Gesi hiyo haionekani kwa macho. Inakaa hewani miaka mingi na kuzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi.

Sisi wa Uvira matokeo yake tunayaona mezani. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini hukoroga ziwa Tanganyika na kupandisha chakula cha samaki kutoka chini. Lakini maji ya juu yamepata joto, yamekuwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini; ndagala wanakosa chakula. (Nyavu zenye matundu madogo nazo zina kosa lao, tusidanganyane.) Tena hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, karibu 7 kwa mia kwa kila digrii moja. Hatusemi kwamba mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yaliletwa na moshi peke yake. Lakini mvua za namna ile zinapata nguvu.

Sasa kampuni ifanye nini? Mgodi ulio mbali na laini ya umeme huwasha mashini za mazutu mchana na usiku. Kila kilowati moja kwa saa moja inakula robo litri au zaidi, na mazutu hiyo inakuja kwa malori. Barabara ikikatika, kazi inasimama. Kuacha mazutu nako ni gharama kubwa: bwawa, turbini na nyaya vinalipwa kabla taa moja haijawaka. Ila mto hauleti hesabu ya kulipa kila mwezi.

Tazama mgodi wa dhahabu wa Kibali, kule Haut-Uele, uliotoa dhahabu ya kwanza mwaka 2013. Walijenga vituo vitatu vya umeme wa maji: Nzoro II, Ambarau na Azambi, jumla megawati 42 hivi. Mashini za mazutu hawakuzitupa, maana wakati wa kiangazi mito hupungua. Mwaka 2025 wakaongeza umeme wa jua, megawati 16. Hapo na wewe mfanyakazi una faida yako: umeme ukiwa rahisi, hata jiwe lenye dhahabu kidogo linafaa kusagwa, na mgodi haufungwi mapema.

Kwetu kuna Ruzizi, inayoshuka karibu mita 700 kutoka ziwa Kivu hadi Tanganyika. Kituo cha Ruzizi II kimekuwa kikigawa umeme kati ya Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989. Lakini chupa za plastiki zinazotupwa ziwani Bukavu zimekwisha kuziba mitambo ya Ruzizi I. Chupa inatupwa Bukavu, giza linaingia Uvira!

Chini ya udongo hesabu ni nyingine tena. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa shirika la afya la dunia waliweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu. Ili kuuondoa, kampuni inalipa feni kubwa zinazokula umeme saa zote. Mashini ya umeme haitoi moshi, kwa hiyo feni zinafanya kazi ndogo. Bei yake ya kununua ni kubwa zaidi, lakini dereva wake hapumui masizi.

Kwa hiyo, zima mashini unapongoja mzigo. Ikitoa moshi mweusi, mwambie kapita siku ileile. Kichwa kikiuma, ukasikia kizunguzungu na kutaka kutapika, usingoje mwisho wa zamu: toka kwenye hewa safi pamoja na wenzako. Na wewe mama, mbabula yenye makala ya moto isilale chumbani na watoto, hata usiku wa baridi. Gesi yake haina harufu.